Tiketi za Ng'ombe Kumi na Mmoja

Nyanjige alipata habari za kufutwa kwa safari yake kutoka kwenye redio ya jirani, kabla hajasikia neno lolote kwa wale waliopokea fedha zake. Zilikuwa siku za mwisho za Septemba, mwaka 1994, naye yuko shambani kwake Mwamapalala aking'oa mabua ya pamba ili ayachome kabla bwana shamba hajapita na daftari lake la faini. Redio ikasema tauni imeingia India. Ikasema nchi za Ghuba zimezuia ndege zote ziendazo huko na zitokazo huko, hadi hapo itakapotangazwa tena. Jirani akazungusha kitufe kutafuta muziki. Nyanjige alisimama na bua mkononi, akahesabu siku zilizobaki hadi safari yake. Zilikuwa sita.

Wapo watu ambao wakipigwa na habari ya namna hiyo huketi kwanza, wakaita majirani, wakanyweshwa maji. Nyanjige alimaliza mstari wake wa mabua, kwa sababu faini ya bwana shamba haikuwa imefutwa na mtu. Ndipo akarudi nyumbani, akanawa, akamtazama binti yake Kwandu aliyekuwa amekaa kivulini akichambua mchicha polepole, kama bibi kizee, ilhali ana miaka tisa tu.

Kwandu alizaliwa na tundu moyoni. Mwenye kuligundua alikuwa Sista Justina wa zahanati ya misheni, aliyemwona mtoto anachuchumaa kila baada ya hatua ishirini, na midomo yake imekuwa ya rangi ya aliyekula zambarau, wala msimu wa zambarau haujafika. Daktari bingwa wa Mwanza hakuzungukazunguka. Alisema huyu asivushwe msimu mwingine wa mvua bila kupasuliwa, maana nimonia moja tu itamchukua. Sista akaandika barua nyingi. Hospitali moja ya kusini mwa India ikakubali, wafadhili wa parokia moja ya Ulaya wakakubali kulipia matibabu, na barua ikaja na mhuri: kitanda cha mtoto kitashikwa hadi tarehe thelathini na moja Oktoba. Ikipita hapo, jina lake litaingia kwenye orodha ya mwaka unaofuata. Nauli, barua ilisema kwa adabu sana, ni juu ya familia.

Nauli ya ndege, kwa mjane wa Mwamapalala! Masele, mumewe, alikuwa amefariki miaka minne nyuma, na wifi zake wote walijua Nyanjige ana ng'ombe wawili, maksai wanne wa kulimia, plau moja, na mdomo. Maksai aliwanunua mwenyewe kwa pamba yake, mmoja mmoja, na hakuna mtu wa ukoo aliyewahi kujitia kusema ni wa Masele. Akaenda kwa shemeji yake mkubwa, Luhende, aliyeshika usukani wa ukoo. Luhende akaita kikao. Yeye akatoa ng'ombe wanne. Ndugu wa ukoo walioko kijiji cha Kimali wakatoa watano. Nyanjige akatoa wawili wake. Kumi na mmoja wakapelekwa mnadani, wakageuka kuwa tiketi mbili nyembamba zenye karatasi nyekundu za kaboni, na wazee wakazitazama kwa muda mrefu, wakishangaa jinsi zizi zima linavyoweza kutoshea kwenye bahasha.

Hapo ndipo Nyanjige alipofanya kosa lake, na alilifanya kwa moyo mweupe. Siku ya kununua, pale ofisi ya wakala wa ndege Mwanza, karani aliuliza, "Stakabadhi niandike jina la nani?" Luhende alikuwa amesimama nyuma yake na fimbo yake. Mwanamke wa Kisukuma aliyelelewa vizuri haandiki jina lake juu ya ng'ombe wa ukoo wakati mkubwa wa ukoo yupo. Angeonekana anapora. Akajibu upesi, "Andika Luhende Shigela." Akajiona amefanya la heshima, na kweli alikuwa amefanya la heshima. Bahati mbaya ofisi za ndege hazijui heshima. Zinajua jina tu.

Sasa, siku ya tatu baada ya habari ya redio, alipanda juu ya lori la pamba. Mwaka ule ndio wanunuzi binafsi walikuwa wameingia kwa mara ya kwanza, magari yao yakipishana barabarani kama siafu, na dereva yeyote alikuwa tayari kumbeba mtu juu ya marobota. Alimwacha Kwandu kwa Sista, akafika Mwanza na nyuzi nyeupe kichwani hadi kwenye kope.

Karani aliitwa Constantine, kijana mwembamba mwenye tai fupi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Nimekuja kwa habari ya ndege yetu. Nimesikia imefutwa."

"Imefutwa kweli, mama. Pole sana. Zote za huko zimesimama."

"Basi nisogezee tarehe. Wakifungua njia, sisi tuwe wa kwanza."

Constantine akafungua faili, akasoma, akajikuna shingo. "Lakini mama, si mmeshaomba kurudishiwa nauli?"

"Nani kaomba?"

Akamwonyesha karatasi. Jina: Luhende Shigela. Chini, dole gumba la wino wa zambarau, kubwa, limekandamizwa kwa nguvu ya mtu asiyetaka kurudi mara ya pili. Luhende alikuwa amekuja juzi yake. Hakumwambia mtu.

Constantine, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimweleza taratibu. Shirika la ndege likifuta safari lenyewe, abiria ana hiari: arudishiwe nauli, au tiketi ibaki na tarehe wazi kwa mwaka mzima, na asitozwe kitu. Ila mwenye hiari hiyo kwenye vitabu vyao ni aliyelipa. Aliyelipa ameomba fedha. Kilichobaki ni kuzisalimisha tiketi, na ndani ya wiki mbili fedha zitatoka.

"Unazo hapa, mama?"

Zilikuwa kwenye fundo la kanga, kiunoni. "Sikuzibeba," alisema Nyanjige, na ndio uongo wa kwanza aliousema ndani ya ofisi ya watu. "Na akitaka kulifuta ombi lake?"

"Aje mwenyewe, au alete barua yenye dole lake."

Nyanjige akasimama. Hasira zilimpanda, lakini zilikuwa za kumwagiwa Luhende, si mtoto wa watu mwenye tai. Akaaga vizuri. Njia nzima ya kurudi aliitumia kupanga maneno, na kila alipofika kwenye tusi, aliliruka.

Alimkuta Luhende zizini jioni, anakagua kwato.

"Mwadila, shemeji."

"Mwadila, mama Kwandu. Umerudi." Alijua alikotoka. Habari za lori hutangulia lori.

"Umekwenda kuomba nauli bila mimi kujua."

Luhende hakukana. Aliziacha kwato, akanyooka. Alikuwa mtu mrefu asiyependa kusema mara mbili. "Ng'ombe waliotoka Kimali walitoka kwa neno langu. Nilisimama mbele ya wenzangu nikasema: wanatoka kwa safari ya mtoto, safari ikifa, ng'ombe wanarudi. Unajua ndivyo tunavyofanya. Safari imekufa. Wameshaleta mjumbe mara mbili. Kuna kijana wao anaoa kabla ya mvua."

"Safari haijafa. Imesimama."

"Itasimama hadi lini? Nani kakwambia? Na wakifungua, utampeleka mtoto kwenye tauni? Mtoto wa marehemu mdogo wangu, nimsindikize akafe kwa panya wa watu?" Sauti ilimkatika hapo, na Nyanjige akaona kwamba mtu huyu aliogopa. Ilikuwa rahisi zaidi kumchukia kabla hajaliona hilo.

"Shemeji," alisema, "huko anaweza kufa. Hapa atakufa. Daktari alitwambia sote, na wewe ulikuwepo."

Luhende akatazama ng'ombe wake. Fedha zikirudi, wote wawili walijua zitakavyokwenda: Kimali watachukua zao, zitakazobaki zitakutana na ada za shule, na msiba, na mkopo wa mbegu, na mwakani hakuna atakayekumbuka tundu la moyo wa mtoto mmoja. Fedha za tiketi zikishakuwa fedha za kawaida, kila mtu ana shida ya kuzipa.

"Ng'ombe wako wanne," aliuliza Nyanjige, "unawadai?"

"Wangu sidai. Mimi nadaiwa neno."

"Basi niitie watu wa Kimali."

Walikuja Jumapili, wanaume watatu, wakakalishwa kwenye viti vya uani, wakapewa togwa. Nyanjige aliwasalimia kwa kupiga magoti kama inavyotakiwa, kisha akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na maksai wake wanne, wawili wawili, akawafunga mbele yao. Akaenda tena, akaikokota plau, ikaacha mfereji uani. Akaiweka pembeni ya maksai.

"Ninyi mlitoa ng'ombe watano," alisema. "Hawa ni wanne, lakini ni maksai waliofunzwa, kila mmoja anapita ng'ombe kwa bei, na plau naiongeza. Mkiona haitoshi, semeni sasa hivi, mbele ya shemeji. Mkiona inatosha, basi hakuna tena ng'ombe wa Kimali ndani ya tiketi."

Mvua ilikuwa mlangoni. Mawingu ya upande wa Ziwa yalikwishaanza kukusanyika kila alasiri. Kuuza maksai mwezi wa Oktoba ni jambo linalofanywa na mlevi au mwendawazimu, na wageni walimtazama Nyanjige wakitafuta ni yupi kati ya hao wawili. Mkubwa wao akajaribu kusema pengine wasubiri kidogo, haya ni mambo ya kifamilia. Sasa aliona aibu. Lakini Nyanjige hakutaka kusubiriwa. Anayesubiriwa huulizwa kila wiki. Maji alikwishayavulia nguo.

"Wachukueni," alisema. "Kijana aoe."

Wakawachukua. Luhende alisindikiza wageni hadi njiani, akarudi, akaomba karatasi. Wakaenda misheni, Sista Justina akaandika barua, Luhende akakandamiza dole lake chini. "Kuanzia leo tiketi ni zako," alimwambia Nyanjige. "Hakuna atakayekuuliza."

Ungedhani hapo mambo yamekwisha. Mwenye kudhani hivyo hajawahi kuingia ofisi ya wakala.

Meneja, mtu mnene mwenye kalamu tatu mfukoni, aliisoma barua akatikisa kichwa. Ombi la kwanza lilishakwenda Dar es Salaam. Kulirudisha ni usumbufu. Kuna gharama za usumbufu: robo ya nauli. Alipe robo, ndipo tiketi zigongwe mhuri wa tarehe wazi.

"Robo hiyo imeandikwa wapi?" aliuliza Nyanjige.

"Ni utaratibu, mama."

"Naomba nionyeshwe ulipoandikwa."

Meneja akaingia chumba cha ndani, akafunga mlango. Nyanjige akamgeukia Constantine, akafungua fundo la kanga, akaweka tiketi mezani, akazigeuza. Upande wa nyuma wa tiketi ulijaa maandishi madogo ya Kiingereza, kama chawa. "Nisomee, baba. Neno kwa neno. Mimi darasa la saba, Kiingereza chao sikijui, lakini nasikia."

Constantine akatazama mlango uliofungwa. Akasoma, akatafsiri kwa sauti ya chini. Alipomaliza, Nyanjige akauliza, "Umeona robo?"

"Sijaiona."

"Basi nitakaa hapa mpaka ionekane."

Akakaa kwenye benchi la wateja. Alikaa siku hiyo tangu kufungua hadi kufunga, akalala kwa mama mmoja wa parokia, akarudi asubuhi. Hakupiga kelele, hakulia, hakumtukana mtu. Alimsalimia kila aliyeingia, "Mwangaluka, mhola?" na kwa kuwa Mwanza ni nyumbani kwa Wasukuma, kila aliyesalimiwa alisimama kujibu, "Mhola duhu, mayu," na akisimama aliuliza kulikoni, na akiuliza alielezwa. Alielezwa lote: moyo, tauni, maksai, robo. Siku ya pili mfanyabiashara mmoja wa Kihindi, ambaye naye safari yake ya Bombay ilikwama, aliposikia habari ya robo alirudi kaunta. Alikuwa amekwishakatwa yake. Akaomba naye aonyeshwe ilipoandikwa. Baadaye wakawa watatu. Walikaa pamoja na Nyanjige kwenye benchi, wamebanana, na akawagawia karanga.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, meneja alitoka chumbani na mhuri mkononi. Akagonga tiketi mbili kwa kishindo cha mtu anayeua nzi. Mahali pa jina la mlipaji, Constantine akakata la Luhende, akauliza, "Niandike nani?"

"Nyanjige binti Thomasi," alisema, na safari hii hakutazama nyuma.

Ikabaki kungoja, na kungoja ndiko kulikokaribia kumvunja. Mvua ya kwanza ilinyesha tarehe kumi na tano. Wenzake walitoka na maksai, yeye akatoka na jembe la mkono, akalima tuta kwa tuta tangu alfajiri, mikono ikachubuka, ikaota malengelenge, malengelenge yakapasuka. Kila siku ya pili alitembea hadi misheni kuuliza redio kolu, ile redio ya upepo ya kuzungumzia na Mwanza, imesema nini. Haikusema kitu. Kwandu alianza kukohoa. Siku moja alirudi akakuta ekari moja nzima imelimwa kwa plau. Luhende alikuwa amepita na maksai wake, hakuaga, hakungoja hata togwa. Nyanjige alisimama kwenye ukingo wa ekari ile akasema asante kwa sauti, ingawa hapakuwa na wa kuisikia.

Tarehe ishirini na mbili redio kolu ilikoroma, sauti ya Constantine ikatoka Mwanza. Ndege zimefunguliwa. Waliokwama ni wengi mno, foleni imefika mwezi wa kumi na moja. "Nimepata nafasi ya tarehe ishirini na sita, mama. Kukonfemu ni leo hii. Lakini kiti ni kimoja. Ova."

Sista Justina akamtazama. Akaeleza kwamba kwenye ndege hiyo hiyo kuna muuguzi wa serikali anayesindikiza wagonjwa wengine, mwanamke mzuri, anamfahamu, angemshika mtoto mkono. Lakini ni mtoto wa miaka tisa, asiyejua ila Kisukuma na Kiswahili cha shule, apasuliwe kifua katikati ya watu asiowajua. Sista akamwachia uamuzi, akamsogezea kipaza sauti cha redio.

Nyanjige alikuwa amepigania viti viwili. Alivipigania kwa ukoo, kwa meneja, kwa maksai wake. Sasa alipewa kimoja, na siku zilizobaki hadi thelathini na moja hazikutosha hata kubishana. Alikichukua kipaza sauti kwa mikono yake iliyofungwa vitambaa.

"Mwandike Kwandu," alisema.

"Na yako, mama? Meneja anasema nauli yako inaweza kurudi yote, bila robo. Ova."

Nauli ile ilikuwa maksai wanne, labda zaidi. Mvua ilikuwa inanyesha juu ya bati la misheni wakati anaulizwa, na shamba lake lilikuwa limelimwa nusu.

"Isirudi," alisema Nyanjige. "Nitafutie kiti kinachofuata."

Walisafiri kwa treni siku mbili hadi Dar es Salaam. Uwanja wa ndege, muuguzi alimshika Kwandu mkono. Nyanjige alimfundisha mtoto maneno matatu ya Kiingereza ambayo yeye mwenyewe alifundishwa na Sista, la maji, la maumivu na la mama, akamwambia asiogope. Kwandu hakulia. Aligeuka mara moja tu, akauliza, "Mayu, wewe unakuja kesho?" Nyanjige akasema anakuja. Kisha akaenda moja kwa moja ofisi ya shirika la ndege ya mjini, akatafuta benchi lilipo, akaketi. Kazi ya benchi alikuwa ameshaijua.

Alikaa kwenye benchi hilo siku tisa. Siku ya tano watu wa hospitali walimwambia kwa simu kwamba mtoto amepasuliwa na kwamba kilichobaki ni kungoja. Hawakujua kama ataamka vizuri. Usingizi haukumjia siku hizo. Chakula alikula kwa sababu mwenyeji aliyemlaza usiku pale mjini alimkazia macho. Siku ya kumi alipanda ndege, mwanamke wa kwanza wa Mwamapalala kupanda, na hakuona kitu njia nzima, maana alifumba macho akiomba.

Wadi ilikuwa ndefu, yenye vitanda vingi na harufu ya dawa. Nesi alimwongoza hadi cha mwisho. Kwandu alikuwa ameegemezwa mito miwili, kifua chote bandeji, mkono una mpira wa maji. Midomo yake ilikuwa myekundu kabisa, midomo ya mtoto. Nyanjige hakuwahi kuiona ikiwa hivyo tangu amzae.

Mtoto alifungua macho, akamtazama mama yake toka kichwani hadi miguuni, akakunja uso.

"Mayu," alisema, "umechelewa."

Nyanjige, aliyekuwa na la kumjibu shemeji, na wazee wa Kimali, na meneja na kalamu zake tatu, aliketi chini sakafuni palepale, akashika ukingo wa kitanda, akalia kwa sauti mpaka wadi nzima ikageuka kumtazama.